Mlango wa Stoo

Wapitao njia ya uwanjani huniuliza
stoo ya klabu imeupeleka wapi mlango wake.
Nawajibu: uko kwangu, umelala uani,
naanika mihogo juu yake.

Mimi ni Drajoru, mfua jezi.
Jezi kumi na nane kila Jumapili,
sabuni ya mche, mabeseni mawili.
Na jezi husema kuliko watoto:
huyu aliangukia ubavu wa kulia,
huyu alipangusia pua mkononi,
huyu hakucheza, alikaa benchi akitafuna kola.

Namba kumi na moja ikaanza kurudi safi.
Safi, imekunjwa,
kama nguo ya dukani.
Wiki ya kwanza nikasema ni mvua.
Wiki ya pili nikasema malaria.
Wiki ya tatu nikakosa la kusema.

Nilimkuta Ezaru kwenye bomba la Oli,
winga wetu wa kushoto, miaka kumi na miwili.
Sikumwuliza kitu. Nilipanga foleni nyuma yake.
Dumu la njano likajaa, likafurika,
maji yakamlowesha ndala, naye katulia tu.
"Mama, kocha akikuita stoo ukachukue koni,
ni lazima uende?"

Swali la koni. Hilo tu.
Nikasema, si lazima.
Nikafunga bomba mwenyewe.

Yaliyofuata sitayasimulia. Ni yake.
Aliyasema mwenyewe kwa daktari wa kike,
akayarudia kwa afisa wa polisi,
mimi niko nje ya chumba,
nimempakatia viatu vyake vya mpira.

Nitasema yaliyo yetu sisi wakubwa.
Mwenyekiti alisema, tulinde jina la klabu.
Mweka hazina akasema, si ndiye aliyetuletea kombe?
Baba mmoja akasema, wangu kapata shule kupitia kwake,
kisha akatazama vidole vyake.
Kombe lilikuwa pale pale mezani,
siku hizi tunawekea kalamu za biki.
Tulimpa mtu mmoja ufunguo mmoja
na giza zima la chumba kile,
tukaliita nidhamu.
Hata mimi.
Nilikuwa nikipita na beseni kichwani,
nauona mlango umerudishwa saa kumi na mbili jioni,
nashika njia yangu.
Beseni lilikuwa zito, nilijiambia.
Halikuwa zito kiasi hicho.

Kesho yake nikamwita Onzima, fundi seremala.
Bawaba tatu, skrubu zimekula kutu.
Alitaka elfu tano.
Alipojua sababu akanirudishia tatu;
mbili, alisema, ni za mafuta ya kulainishia.
Tukaubeba mlango, yeye mbele, mimi nyuma,
tukapita nao katikati ya uwanja
watoto wakiwa mazoezini.
Hakuna aliyecheka.

Sasa mwanga unafika hadi kona ya neti.
Makocha ni wawili, mwanamume na mwanamke,
na hakuna mtoto apandaye bodaboda ya kocha peke yake,
hata kunyeshe vipi.
Namba ya simu ya kusaidiwa iko ukutani,
rangi nyekundu, Kilugbara na Kiswahili,
tumeiandika chini, kimo cha mtoto wa miaka saba.
Mkubwa akitaka kuisoma, apige magoti.

Tumeibiwa mipira mitatu.
Mwenyekiti ananung'unika kila kikao.
Namwambia, mipira inauzwa sokoni.

Ezaru hajarudi, nisiwadanganye.
Jumamosi huja hadi kwenye ua wa michongoma,
husimama, hutazama pale palipokuwa na mlango,
midomo ikicheza kama anayehesabu vichwa.
Halafu huondoka.

Namba kumi na moja naifua bado
pamoja na zingine, ingawa haina tope.
Naomba ije Jumapili moja
inishinde kutakata.